Jinsi ya Kumtafutia Mgonjwa wa Saratani ya Damu Mchangiaji wa Seli Shina: Mwongozo kwa Familia za Uganda

Daktari anapoieleza familia kwamba mgonjwa wao wa saratani ya damu atahitaji kupandikizwa seli shina, yaani seli za uboho ulio ndani ya mifupa, ambazo hutengeneza damu, mara nyingi hatua ya kwanza huwa ni kuitisha kikao cha ukoo na kuanza mchango. Fedha zitahitajika, tena nyingi, kwa kuwa upandikizaji unaofanyika nje ya nchi hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Hata hivyo kuna swali linalopaswa kutangulia mchango, nalo ni hili: katika ukoo mzima, ni nani mwenye seli zinazoweza kupokewa na mwili wa mgonjwa huyu? Kabla ya jibu hilo kupatikana, hospitali haiwezi kuchagua aina ya upandikizaji, wala kupanga tarehe, wala kutoa makadirio ya gharama yanayoaminika. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya ndugu wanaoketi kwenye mabenchi ya Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, pamoja na wale wanaotumwa huko kutoka Mbarara, Arua au Mbale, ili walitafute jibu hilo kwa utaratibu na bila kupoteza wiki ambazo mgonjwa anazihitaji sana.

Kabla ya kupima mtu yeyote

Si kila saratani ya damu huhitaji mchangiaji. Mwenye lukemia sugu ya mieloidi, inayoandikwa CML kwenye faili, kwa kawaida hutibiwa kwa vidonge vya imatinib au vya jamii hiyo, na anaweza kuishi miaka mingi bila kupandikizwa chochote. Watoto wengi wenye ALL, yaani lukemia kali ya limfositi, hutibiwa kwa dawa pekee, na suala la kupandikiza huja pale ugonjwa unaporudi au vipimo vinapoonyesha kwamba ni wa aina korofi. Kwa mtu mzima mwenye AML, yaani lukemia kali ya mieloidi, uwezekano wa kuhitaji mchangiaji ni mkubwa zaidi. Kwa hiyo mwulizeni daktari, kwa heshima lakini bila kuona haya, mgonjwa ana aina gani, vipimo vya kromosomu za seli za saratani vimeonyesha nini, na kama upandikizaji tayari umo kwenye mpango wa matibabu au umewekwa kama akiba ya baadaye.

Ikiwa umo kwenye mpango, ombeni kipimo cha HLA, yaani kile kinachoonyesha nani analingana na mgonjwa, kifanyike kwa mgonjwa na kwa ndugu zake tangu duru ya kwanza ya tibakemikali. Upandikizaji hufanikiwa zaidi ugonjwa ukiwa umetulizwa na dawa, kiasi kwamba seli za saratani hazionekani tena kwa wingi kwenye uboho, na kipindi hicho cha utulivu kinaweza kudumu miezi michache tu. Familia inayongoja utulivu upatikane ndipo ianze kutafuta inaweza kumpata mchangiaji wakati ugonjwa umesharudi.

Kinacholinganishwa

Wengi hudhani kwamba kinachotafutwa ni kundi la damu. Kundi la damu linaweza kutofautiana kabisa: mgonjwa wa kundi O anaweza kupandikizwa seli za ndugu wa kundi A, na baada ya miezi kadhaa damu yake mwenyewe ikawa ya kundi A. Kinachotafutwa ni protini za HLA, ambazo hukaa juu ya karibu seli zote za mwili na ambazo kinga ya mwili huzitumia kutambua kilicho chake na kilicho kigeni. Daktari Mfaransa Jean Dausset alieleza ya kwanza kati yake mwaka 1958, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1980. Jeni zinazotengeneza protini hizo zimepangana karibu karibu kwenye kromosomu ya 6.

Hospitali nyingi hulinganisha jeni tano, ambazo ni A, B, C, DRB1 na DQB1. Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, na ndiyo maana mtasikia wahudumu wakisema "kumi kwa kumi" wanapomaanisha mlingano kamili. Vituo vingine huongeza jeni ya sita, DPB1, na hesabu ikawa kumi na mbili.

Mlingano ukikosekana, hatari ni mbili. Mwili wa mgonjwa unaweza kuzikataa seli mpya, au seli hizo mpya, ambazo zenyewe ndizo kinga, zikaushambulia mwili wa mgonjwa, hasa ngozi, utumbo na ini. Inafaa kujua pia kwamba shambulio hilo, likiwa dogo na likidhibitiwa, lina manufaa, kwa sababu seli hizo hizo huwinda mabaki ya saratani. Kwa sababu hiyo pacha wa kufanana, ambaye HLA yake ni ileile kabisa, si lazima awe chaguo bora kwa lukemia: seli zake hazileti madhara hayo, lakini ugonjwa hurudi mara nyingi zaidi.

Nani apimwe kwanza

Kwa kuwa jeni za HLA ziko karibu karibu, hurithiwa kwa mafungu. Baba ana mafungu mawili na humpa kila mtoto moja. Mama naye vivyo hivyo. Kwa hiyo watoto wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kupangika kwa namna nne tu, na kila ndugu ana uwezekano wa asilimia 25 wa kulingana kikamilifu na mgonjwa, asilimia 50 wa kulingana nusu, na asilimia 25 wa kutolingana hata kidogo. Mara chache sana fungu hukatika njiani na kuungana upya, na hapo maabara italazimika kuwapima wazazi ili kuelewa kilichotokea.

Kwetu familia kubwa ni jambo la kawaida, na hapa ukubwa huo unasaidia kweli. Mgonjwa mwenye ndugu mmoja tu wa baba na mama ana uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mlingano kamili. Mwenye ndugu watatu ana takriban asilimia 58. Mwenye watano ana takriban asilimia 76. Wapimeni wote wa baba mmoja na mama mmoja kabla ya kumgusa mtu mwingine, akiwemo yule anayefanya kazi Dubai na yule ambaye hajazungumza na familia kwa miaka kadhaa. Ndugu aliyeachwa kwa sababu ya ugomvi wa shamba anaweza kuwa ndiye.

Baada ya hao wanafuata wazazi, pamoja na watoto wa mgonjwa waliofikia utu uzima. Mzazi na mtoto daima hulingana nusu, na hilo halina bahati nasibu. Kisha wanakuja ndugu wa baba mmoja na mama tofauti, ambao ni wengi katika nyumba zetu: hao wana asilimia 50 ya kulingana nusu, na hawawezi kulingana kikamilifu isipokuwa kwa bahati ya pekee. Baba wadogo, mashangazi, wajomba na mama wadogo wana uwezekano wa asilimia 50 wa kubeba fungu moja la mgonjwa, na binamu wana asilimia 25.

Kuhusu ukoo, lazima niseme wazi, kwa kuwa nimeona fedha zikiteketea hapa. Kuwa wa ukoo mmoja, kuwa na mwiko mmoja, au kutoka kijiji kimoja hakumfanyi mtu alingane na mgonjwa. Kuwaita watu arobaini wa ukoo wapimwe HLA ni kutumia kwenye maabara fedha ambazo zingelipia duru nzima ya dawa. Nguvu ya ukoo itumike kwenye mchango, kwenye kuwatafuta ndugu waliotawanyika, na kwenye kuwatunza watoto wa mgonjwa akiwa safarini.

Mazungumzo ya faragha

Sehemu hii hurukwa, na ndiyo huvunja familia. Kabla ya sampuli kuchukuliwa, kila anayepimwa anapaswa kuzungumza na daktari au nesi akiwa peke yake, mbali na baba, mume, na kaka mkubwa. Kuna mambo matatu ambayo ni lazima ayaelewe.

La kwanza ni kwamba kipimo cha HLA kinaweza kufichua siri ya uzazi. Maabara ikiwapima wazazi na watoto wote, na mtoto mmoja akawa hana fungu lolote la baba anayemwita baba, jambo hilo litaonekana kwenye karatasi. Mwombeni daktari tangu mwanzo kwamba majibu yatolewe kwa maneno yanayohusu uchangiaji pekee, yaani huyu anafaa na huyu hafai, na kwamba karatasi zenye jeni zote zibaki kwenye faili. Mgonjwa hapotezi chochote kwa utaratibu huo, na mama wa nyumba analindwa.

La pili ni kwamba atakayeonekana kulingana atapimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini ya B na C, kaswende na maambukizi mengine. Majibu hayo ni yake mwenyewe. Asipofaa kwa sababu ya mojawapo, familia inapaswa kuambiwa tu kwamba "hakufaa kiafya", bila mtu kumsukuma aeleze zaidi.

La tatu ni kwamba ana haki ya kukataa. Najua neno hili ni gumu kulitamka mbele ya mgonjwa anayedhoofika, lakini ndugu aliyeburutwa na kikao cha ukoo ndiye anayezima simu wiki ya safari. Afadhali akatae leo, wakati bado kuna nafasi ya kumtafuta mwingine. Kwa mtoto ambaye hajafikia umri wa kuamua, wazazi wasiamue peke yao ndani ya hofu. Wamwombe daktari asiyemhudumia mgonjwa azungumze na mtoto huyo kwa lugha anayoielewa.

Kuchukua sampuli

Sampuli huwa za aina mbili. Ya kwanza ni damu ya mkononi, ambayo huwekwa kwenye chupa ndogo yenye kifuniko cha zambarau. Ya pili ni seli za ndani ya shavu, zinazochukuliwa kwa vijiti vyenye pamba, na hii ndiyo rahisi zaidi kwa ndugu aliye mbali, kwa sababu vijiti vinaweza kutumwa kwa bahasha.

Ikiwa mnatumia vijiti, fanyeni kwa uangalifu, kwa kuwa sampuli mbovu hurudishwa na wiki mbili zinapotea. Mpimwaji asile, asinywe, asivute sigara wala kutafuna mairungi kwa muda wa saa moja kabla. Asukutue mdomo kwa maji safi, kisha angoje kidogo. Kijiti kisuguliwe ndani ya shavu kwa nguvu ya kadiri kwa muda ulioandikwa kwenye maelekezo, huku kikizungushwa ili pamba yote iguse shavu. Cha pili kifanyiwe shavu la upande wa pili. Pamba isiguswe kwa vidole. Kiachwe kikauke kwa hewa, kisha kirudishwe kwenye bahasha yake ya karatasi, si kwenye mfuko wa nailoni, kwa maana unyevunyevu huotesha ukungu. Jina, tarehe ya kuzaliwa na uhusiano wake na mgonjwa viandikwe palepale, kabla ya kumpima mtu mwingine. Familia inapowapima watoto sita sebuleni jioni moja, kosa linalotokea kirahisi ni kubadilishana bahasha.

Kwa mgonjwa mwenyewe, daktari anaweza kupendelea shavu kuliko damu, kwa kuwa damu iliyojaa seli za saratani inaweza kutoa majibu yenye kasoro: baadhi ya seli hizo hupoteza sehemu ya kromosomu ya 6.

Hapa pia pana onyo ambalo halisemwi vya kutosha. Mgonjwa atahitaji kuongezewa damu na chembe sahani mara nyingi, na ndugu kwa mapenzi yao hutaka damu yao ndiyo iingie kwake. Msikubali. Kinga ya mgonjwa ikizoea kuona seli za ndugu fulani, inaweza kutengeneza kingamwili dhidi yake na kumharibia nafasi ya kuwa mchangiaji wa seli shina. Ndugu wanaotaka kusaidia waende Benki ya Damu ya Nakasero au kwenye magari ya kukusanya damu wachangie kwa ajili ya wote, na mgonjwa apewe damu ya watu wasiomhusu.

Kusoma majibu

Majibu yakija yataonekana kama namba za siri, lakini mtu aliyemaliza shule ya msingi anaweza kuyasoma. Chukueni mfano wa maandishi A*30:01. Herufi ya kwanza ni jina la jeni. Namba iliyo kabla ya nukta mbili ni kundi. Namba iliyo baada yake ni aina kamili ndani ya kundi hilo. Mgonjwa anaweza kuwa na A*30:01 na A*68:02 kwenye mstari wa A, kisha B*42:01 na B*15:10 kwenye mstari wa B, na kuendelea hivyo hadi DQB1. Kaka yake akiwa na A*30:01 na A*02:01, B*42:01 na B*53:01, basi wanashiriki upande mmoja tu: fungu lenye A*30:01 na B*42:01, ambalo huonekana mara kwa mara kwa watu wa Afrika, limekuja kwa wote wawili kutoka kwa mzazi mmoja, na upande wa pili ni tofauti. Huyo ni mlingano nusu. Dada mwenye namba zilezile mistari yote, pande zote mbili, ndiye kumi kwa kumi.

Angalieni kama karatasi ina namba zilizo baada ya nukta mbili. Majibu ya bei nafuu huishia kwenye kundi, yaani A*30 peke yake. Katika Afrika A*30:01 na A*30:02 zote ni za kawaida, na kwenye karatasi fupi zitaonekana kuwa kitu kimoja ilhali sivyo. Kwa ndugu wa baba na mama mmoja, karatasi fupi inaweza kutosha kwa uchujaji wa mwanzo, hasa wazazi nao wakiwa wamepimwa. Kwa mtu asiye ndugu haitoshi kabisa. Na hata kwa ndugu aliyechaguliwa, hospitali itakayopandikiza itarudia kipimo kwa sampuli mpya, kwa hiyo msione kama mnadhulumiwa mkiombwa kulipia mara ya pili.

Wakilingana wawili au zaidi

Ikitokea neema hiyo, daktari ndiye huchagua, naye huangalia umri kwanza, kwa kuwa seli za kijana hufanya kazi vizuri zaidi. Huangalia pia jinsia na idadi ya mimba ambazo mchangiaji amebeba, maana mwanamke aliyewahi kubeba mimba ana kinga iliyokutana na seli za mtu mwingine. Kisha virusi vya CMV, kundi la damu, na uzito. Homa ya ini ya B, ambayo kaskazini mwa nchi ni tatizo kubwa, haimwondoi kila mtu papo hapo. Inategemea vipimo vya kina. Malaria hutibiwa kwanza.

Selimundu inahitaji uangalifu wa pekee kwetu. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 13.3 ya watoto wachanga waliopimwa Uganda walibeba jeni moja ya selimundu. Mwenye ugonjwa wa selimundu hawezi kuchangia, kwa kuwa sindano za kuchochea seli shina zinaweza kumletea mashambulizi ya hatari. Anayebeba jeni moja tu bila kuugua kwa kawaida anaweza kuchangia, mradi timu ijue mapema na imfuatilie. Pimeni kabla ya kusafiri.

Asipopatikana wa kumi kwa kumi

Njia ya kwanza ni daftari za kimataifa za wachangiaji wa hiari, ambazo kwa pamoja zina watu zaidi ya milioni 40. Familia haiwezi kutafuta humo yenyewe. Hospitali ya upandikizaji ndiyo huingiza majibu ya mgonjwa, na utafutaji wa awali huonyesha haraka kama kuna tumaini. Nawaomba mfahamu ukweli wa namba kabla ya kuweka moyo wote huko. Utafiti wa daftari la Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba mgonjwa Mzungu mwenye asili ya Ulaya ana asilimia 75 ya kumpata mtu asiye ndugu anayelingana naye kikamilifu, ilhali kwa makundi ya watu weusi makadirio yalikuwa kati ya asilimia 16 na 19. Sababu moja ni kwamba Waafrika tuna aina nyingi zaidi za jeni hizi kuliko watu wa mabara mengine. Sababu ya pili, ambayo inaweza kurekebishwa, ni kwamba Waafrika walioandikishwa ni wachache. Ndugu zetu vijana walioko Uingereza wanaweza kujiandikisha kwenye daftari la Anthony Nolan, walioko Marekani kwenye la NMDP, na walioko Afrika Kusini kwenye la DKMS Africa. Huenda wasimwokoe mgonjwa wa leo, lakini daftari lenye majina ya watu wa Gulu na Masaka ndilo litakalomfaa mgonjwa wa kesho.

Njia ya pili ndiyo iliyobadilisha hesabu kwa familia za Kiafrika, nayo ni kutumia mchangiaji wa nusu. Zamani jambo hili lilikuwa hatari mno. Kisha madaktari wa Johns Hopkins, Baltimore, walionyesha, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2008 pamoja na wenzao wa Seattle, kwamba mgonjwa akipewa dozi kubwa ya saiklofosfamidi siku ya tatu na ya nne baada ya kupandikizwa, zile seli za mchangiaji zilizokwisha kuamka kwa hasira dhidi ya mwili mpya hufa, na seli shina zenyewe hubaki salama. Dawa hiyo si ngeni kwetu hata kidogo: ni ileile iliyotumika Mulago tangu miaka ya 1960 kutibu uvimbe wa Burkitt kwa watoto. Kwa sababu ya njia hii, karibu kila mgonjwa mwenye mzazi, mtoto mkubwa au ndugu aliye hai ana mtu wa kufikiriwa. Kwa maoni yangu, familia ya Uganda isiyo na ndugu wa kumi kwa kumi ianze mazungumzo ya mchangiaji wa nusu siku ileile majibu yanapotoka, huku utafutaji wa daftari ukiendelea pembeni, kwa maana kuleta seli za mtu asiye ndugu kutoka nchi nyingine kunaongeza gharama kubwa na miezi ya kungoja.

Kwa mchangiaji wa nusu kuna kipimo kimoja ambacho ni lazima mkiulizie: je, mgonjwa ana kingamwili dhidi ya HLA ya mtu huyu? Mgonjwa aliyeongezewa damu mara nyingi, na hasa mama aliyezaa, anaweza kuwa nazo. Mama mgonjwa anaweza kuwa na kingamwili dhidi ya mwanawe mwenyewe, kwa sababu alimbeba tumboni. Zikiwa nyingi, seli zitakataliwa, na afadhali achaguliwe mtu mwingine.

Karatasi za safari

Wagonjwa wengi kutoka Uganda hupandikizwa India, na hospitali za huko hudai uthibitisho kwamba mchangiaji ni ndugu kweli. Hapa ndipo desturi zetu za majina hutuletea usumbufu: kaka anaitwa kwa jina la ukoo, dada kwa jina jingine la ukoo huohuo, mdogo wao akabatizwa kwa jina la kigeni, na hakuna hata mmoja mwenye jina la baba kwenye kitambulisho. Ofisa wa kigeni akiziangalia pasipoti tatu haoni familia. Anzeni mapema kuchukua vyeti vya kuzaliwa kutoka NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, vinavyotaja wazazi walewale, barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kiapo mbele ya wakili kinachoeleza uhusiano. Hakikisheni herufi za majina zinafanana kwenye cheti, kitambulisho cha taifa na pasipoti, kwa sababu herufi moja inaweza kuchelewesha viza. Mwulizeni daktari pia kama mnahitaji kupita Bodi ya Madaktari ya Uganda iliyo chini ya Wizara ya Afya, inayoshughulikia rufaa za matibabu ya nje. Na akitokea mtu anayejitolea kuwauzia mchangiaji, mkataeni: sheria ya mwaka 2023 ya upandikizaji wa viungo inakataza biashara hiyo, na mtu asiyelingana hafai hata akiuzwa kwa bei ya chini.

Halafu kuna kadi ya homa ya manjano, ambayo India huidai kwa msafiri anayetoka Uganda. Chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na mgonjwa aliye kwenye tibakemikali hapaswi kuchomwa kabisa. Daktari wake amwandikie barua ya msamaha yenye muhuri, na hospitali inayompokea ijulishwe kabla ya safari. Mchangiaji asiyewahi kuchanjwa achanjwe mapema, kwanza kwa sababu kadi huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na pili kwa sababu timu ya upandikizaji itataka wiki kadhaa zipite kati ya chanjo hai na siku ya kutoa seli.

Siku za kuchangia

Kwa njia iliyozoeleka zaidi, mchangiaji hudungwa filgrastimu, dawa ya kuchochea seli shina, chini ya ngozi kwa siku nne au tano. Mifupa ya kiuno na mgongo itauma na kichwa kinaweza kugonga, parasetamoli husaidia. Siku ya kuchangia hulazwa kitandani akiwa macho, damu ikatoka mkono mmoja, ikapita kwenye mashine inayochuja seli shina, na kurudi kwa mkono wa pili, kwa muda wa saa nne hadi sita. Wakati mwingine hurudia kesho yake. Njia nyingine ni ya chumba cha upasuaji, ambapo akiwa amelazwa usingizi, uboho huvutwa kwa sindano kutoka sehemu ya nyuma ya mfupa wa nyonga. Sindano haiingii kwenye uti wa mgongo, haimfanyi mtu apooze, na haimwondolei uwezo wa kuzaa. Waelezeni hivyo wazee nyumbani, maana hofu hizo ndizo huwarudisha vijana. Uboho uliotolewa hujijaza tena ndani ya wiki chache.

Takriban wiki moja kabla ya siku hiyo, mgonjwa huanza dawa kali zinazouangamiza uboho wake wote. Kuanzia dozi ya kwanza ya dawa hizo, mchangiaji akijiondoa, mgonjwa hana uboho wa zamani wala mpya, na anaweza kufa. Kwa hiyo usiku wa kuamkia dozi hiyo mchangiaji awe tayari yuko mjini, amepimwa mara ya mwisho, na ameulizwa kwa faragha kama bado anakubali. Na jina la mchangiaji wa pili liwe limeandikwa kwenye faili endapo wa kwanza ataugua malaria au kuvunjika mguu.

Mchangiaji akisharudi nyumbani apimwe damu yake baada ya wiki chache, na asiwekewe gharama ya kipimo hicho mfukoni mwake. Mwombeni pia asibadilishe namba ya simu bila kuwaarifu, kwa kuwa miezi kadhaa baadaye hospitali inaweza kumhitaji tena atoe limfositi zake, yaani seli za kinga zilizo kwenye damu, ikiwa vipimo vya mgonjwa vitaonyesha kwamba ugonjwa unaanza kunyemelea upya.